Ami, Nichome Jezi Yangu ya 2003?

Ukumbi wa maswali ya michezo. Anayejibu ni Ami, mwandika alama mstaafu wa mechi za kriketi, Mombasa. Barua ndefu hufupishwa. Matusi kwa waamuzi huondolewa.

SWALI

Salaam aleikum Ami,

Mimi ni fundi wa friji hapa Ganjoni, umri miaka 58. Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za kwanza nilizichana kabla ya kuzituma kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mke wangu aliyasoma akasema, "Kwa maneno haya hutii jina la nyumba yangu."

Oktoba 2025 timu yetu ya taifa ilikuwa Harare, nusu fainali ya Afrika. Mechi moja tu. Ukishinda waenda Kombe la Dunia la ova 20, yaani mipira 120 kwa kila timu, India na Sri Lanka. Ukishindwa wafunga mizigo. Nilifunga duka mapema, friji ya mteja nikaiacha imefumuliwa, nikaketi barazani na simu ya mwanangu na buli la kahawa. Zimbabwe wakatushinda. Kahawa sikuinywa hata kikombe. Mke wangu akatoka kuniuliza nani kafa.

Na si hilo tu. Mkwe wangu ni Mganda, mtu wa Jinja, kijana mwenye adabu zake isipokuwa kwa jambo hili moja. Uganda ilipofuzu Kombe la Dunia mwaka 2023, sisi tukiwa kwenye mashindano hayo hayo tukabaki nje, aliniletea keki. Keki, Ami! Juu imeandikwa "Pole Baba". Mimi niliyeona Kenya ikimlaza West Indies, ikimlaza India, ikimlaza Sri Lanka, ikacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003, leo nakuwa mtu wa kupewa pole ya sukari.

Nionavyo, wachezaji wa leo hawana uchungu. Walisifiwa sana zamani, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niambie wewe uliyekaa karibu: tuliangukaje? Na ile jezi yangu ya 2003, ambayo naiweka sandukuni na dawa ya nondo, niichome moto au huo ni utoto?

Shabiki aliyechoka, Ganjoni

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tuanze na keki: uliila? Hukusema, na mimi nashuku uliila. Mkwe anayekutania kwa keki anakupenda. Wangu mimi, kila Kenya ikishindwa, hunitumia ujumbe wenye nukta moja tu. Ajua kwamba kwa mwandika alama nukta ni mpira uliopita bure.

Barua yako ilinifanya niteremshe daftari langu kutoka juu ya kabati. Tarehe 15 Machi 2003 mechi ilikuwa Durban nami nilikuwa Kibokoni, kwa jirani mwenye dishi, lakini daftari na penseli nilikwenda navyo. Mazoea. Kenya na Australia, na Australia ile haikupoteza mechi hata moja katika Kombe lile. Brett Lee, mtupaji wao wa kasi, alikuwa ameshatutolea watu watatu kwa mipira mitatu mfululizo mwanzoni kabisa, tukajikokota hadi mikimbio 174, maana alama za kriketi huhesabiwa kwa mikimbio. Wao wakaanza kupiga kama watu wenye feri ya kuwahi. Kisha akapewa mpira Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa hii hii.

Nikueleze linavyoandikwa daftari, maana hapa ndipo penye jibu lako. Mpira usiozaa mkimbio ni nukta. Ova, yaani mipira sita ya mtupaji mmoja, ikiisha bila mkimbio hata mmoja, zile nukta sita, tatu juu na tatu chini, unaziunganisha kwa penseli zikawa herufi M. Ikiwa ndani yake ametoka mtu, unaziunganisha ziwe W. Mwandika alama anaweza kukaa Jumapili nzima asichore M zaidi ya mbili. Siku ile, dhidi ya timu bora ya dunia, kwenye mstari wa mtu mmoja nilichora herufi hizo, M au W, mara sita. Ova nane na mipira miwili, mikimbio saba, watatu nje: Ponting, Lehmann, Hogg. Tulishindwa mechi, na mchezaji bora wa siku akawa wetu. Jirani hakuelewa kwa nini nafuta macho na timu imefungwa.

Karim alikuwa na miaka 39. Alikuwa ameshastaafu, akaombwa arudi.

Nilishangilia kama wewe. Miaka mingi baadaye, nikilifungua ukurasa ule, ndipo nilipouona kwa jicho jingine. Timu inayomwita mzee wa miaka 39 kutoka nyumbani kwake ili aizuie Australia ni timu ambayo nyuma yake hakuna foleni. Sisi sote tuliona ushujaa, na ulikuwa ushujaa kweli. Hakuna aliyeuliza mwakani atazungusha mpira nani.

Na ile nusu fainali tuitaje kwa jina lake. Sri Lanka tuliwapiga wenyewe, Nairobi, 24 Februari, Collins Obuya akachukua wiketi tano, yaani akawatoa watu watano, kwa mikimbio 24. Hiyo hapana wa kutunyang'anya. Bangladesh tuliwapiga, Zimbabwe tukawapiga. Lakini New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, pointi tukapewa mezani, na pointi hizo tukaingia nazo raundi ya pili. Mlango mmoja tuliuvunja, mmoja tulifunguliwa. Tukajipigia hesabu kana kwamba yote miwili tumeivunja.

Sasa mgema wako. Umemsingizia, ndugu yangu. Mgema wetu hakulewa sifa, hakulipwa. Baada ya lile Kombe ikaja miaka ya mivutano ya pesa kati ya wachezaji na chama, migomo, timu kucheza bila nyota wake. Agosti 2004 Maurice Odumbe, nahodha aliyewapiga West Indies, akafungiwa miaka mitano kwa uhusiano na wacheza kamari. Mwaka 2005 chama cha zamani kikaondoka, kikaja kipya. Wakati sisi tunagombana, wakubwa hawakutuita kucheza, na mchezaji asiyekutana na wakubwa hasimami alipo, anarudi nyuma. Mgema asiyelipwa halitii tembo maji. Anaacha kupanda mnazi.

Halafu kulikuwa na jambo ambalo tulilionea fahari nasi lilikuwa ugonjwa. Zitazame timu zile majina: Odumbe ndugu wawili, Suji ndugu wawili, kina Tikolo, kina Obuya watatu ukimhesabu Kennedy Otieno. Kama orodha ya waalikwa wa harusi moja. Ni jambo zuri sana kwa hadithi. Lakini maana yake ni kwamba kriketi ya nchi nzima ilitoka kwenye nyumba chache na vilabu vichache vya Nairobi, na mama wa nyumba zile wasingeendelea kuzaa watupaji mpira kwa ajili yetu milele.

Wenzetu walifanyaje? Mwaka 1997, Malaysia, fainali ya nchi zisizo wanachama kamili wa baraza la kriketi duniani: sisi na Bangladesh. Steve Tikolo alipiga 147 peke yake. Mvua ikaingia, hesabu zikabadilishwa, na Bangladesh wakatupita kwenye mpira wa mwisho kabisa wa mechi. Mpira mmoja! Mwaka uliofuata tukaenda Gwalior tukawapiga India kwao, kwa mikimbio 69, na 2001 tukawapiga tena Port Elizabeth, kwa 70. Hatukuwa nyuma ya Bangladesh kwa lolote uwanjani. Ila wao nyuma ya wachezaji wao kumi na mmoja walikuwa na nchi nzima inayocheza vichochoroni, na mwaka 2000 wakaingia kundi la wakubwa wanaocheza mechi za siku tano. Sisi tulikuwa na wale kumi na mmoja.

Yaliyobaki unayajua, nayapita mbio kwa sababu hata penseli yangu inaona haya. 2007, Sri Lanka wakatupigia 260 kwa ova 20. 2011, Chennai, tukatoka sote kwa 69 na New Zealand wakazimaliza kwa ova nane bila kupoteza mtu. Mwanzoni mwa 2014 tukapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja, yaani hata ukicheza vizuri mechi yako haiingii kwenye hesabu za dunia, na mialiko na fedha navyo hupungua. 2018, Namibia, tukaburura mkia kwenye daraja la pili. Nahodha, kocha na mwenyekiti wa chama wote wakajiuzulu. Hebu tazama: mtoto aliyezaliwa siku ile Aasif Karim anaizuia Australia, alipofikisha umri wa kuingia sekondari Kenya haikuwa tena na mechi moja ya kumtia hamu.

Ndiyo sababu neno lako "hawana uchungu" limenikera kidogo, nisamehe. Nilikuwa na kijana mmoja hapa, jina namhifadhia. Alikuwa akitoka zamu ya usiku bandarini asubuhi ya Jumapili, anakuja moja kwa moja uwanja wetu wa kriketi wa Mnazi Mmoja na begi, anakunywa maji ya bomba, anavaa. Bati lake (la kuchezea, si la kuezekea) lilikuwa na ufa chini, amelifunga tepu nyeupe ya hospitali, na kila mpira ukigonga pale lilitoa sauti ya mlango mbovu. Siku moja alipiga 71. Nilimwambia aende Nairobi wakamtazame. Akaniuliza nauli na siku za ruhusa atazipata kwa nani. Sikuwa na jibu, nikajifanya nachonga penseli. Leo ana watoto na hachezi. Uchungu alikuwa nao mwingi, wallahi, ila haukumlipia tikiti ya basi.

Kuhusu mkwe. Uganda walistahili. Novemba 2023 pale Windhoek waliwapiga Zimbabwe, wakamaliza kazi kwa Rwanda, na 2024 huko Guyana wakawapiga Papua New Guinea. Siku hiyo mzee wao Frank Nsubuga, miaka 43, alitupa ova nne akatoa mikimbio minne na wiketi mbili. Nilipoiona ile nilikumbuka Durban, na nikawaonea hofu: wazee wanaoiokoa timu ni tamu kuwatazama, lakini uliza foleni iko wapi. Mwambie mkwe wako hivyo, kwa upole. Siku chache baadaye West Indies waliwatoa wote kwa 39. Usimpelekee keki yenye namba hiyo. Ukimpelekea, mimi sikukutuma.

Jezi usiichome, dawa ya nondo ikiungua hunuka mtaa mzima. Ila nina swali langu kwako. Barua yako ina Harare ndani yake, ina India, ina Jinja. Mnazi Mmoja haimo. Kutoka Ganjoni ni mwendo wa miguu, huhitaji hata tuktuk. Uwanja ule mwaka 2006 ulichezewa mechi za kimataifa za siku moja. Mbuyu na upepo wa bahari bado viko. Mara ya mwisho kuketi pale ukatazama vijana wa Mombasa wakicheza ni lini? Njoo na jezi yako Jumapili moja. Mimi huketi karibu na meza ya mwandika alama na kumsumbua kijana aliyechukua kazi yangu, anayeandika kwa tableti. Njoo na kahawa yako pia, maana ya pale haifai.

SWALI

Shikamoo Ami. Mwanangu wa miaka 11 amepata kichaa cha kriketi kutoka kwa wenzake wa madrasa. Mwalimu wa mazoezi ameniandikia orodha ya vitu, ndefu kuliko ya vitabu vya shule. Ninunue kipi kwanza? Na bati la kiasi gani?

Mama wa mtoto mmoja, Kisauni

JIBU

Marahaba, dada yangu. Kwanza usinunue kitu. Mwache acheze miezi mitatu kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya umeme, kama wanavyocheza vichochoroni. Akichoka, umepoteza tepu.

Asipochoka, kitu cha kwanza ni kofia ngumu yenye nyavu ya chuma usoni. Mpira wa ngozi ni jiwe lililovaa nguo. Kofia na kinga ya kinena visiwe vya kuazima. Pedi za miguu na glavu waweza kununua zilizotumika, watoto hukua kabla hazijachakaa.

Bati lipime dukani kwa mwili wake. Asimame wima na viatu, bati lisimame kando ya mguu wake: ncha ya mpini ifike kwenye nyonga. Ukinunua kubwa "alikulie", kama tunavyonunua sare za shule, utamharibu mkono. Atajifunza kupiga kwa bega, na tabia hiyo haitoki. Muuzaji atakuonyesha mbao mbili, wilo wa Uingereza na wilo wa Kashmir. Chukua wa Kashmir, ni wa bei nafuu na kwa umri wake hakuna atakayejua tofauti. Likifika nyumbani lipake mafuta ya kitani usoni na pembeni, kidogo tu, mpini usiuguse, ulilaze likauke. Kisha aligonge kwa nyundo ya mbao taratibu, jioni baada ya jioni, kabla halijakutana na mpira wa ngozi. Majirani watalalamika. Wapelekee mahamri.

SWALI

Ami, kwa nini gazeti lipoteze kurasa kwa mchezo wa Wahindi na Wazungu?

Msema kweli, Likoni

JIBU

Pune, India, 1996, Kenya na West Indies. Nahodha wetu Maurice Odumbe, wiketi tatu kwa mikimbio 15. Brian Lara alitolewa na mpira wa Rajab Ali, ukadakwa nyuma na Tariq Iqbal. Waliotupatia mikimbio zaidi ni Steve Tikolo 29, Hitesh Modi 26 na Thomas Odoyo 24. Wao 93, sisi 166. Nichambulie hapo, kama mchele sinia, uniambie kipi cha Mhindi na kipi cha nani. Ukitaka kuwa msema kweli hasa, ungesema kwamba fungu kubwa kuliko la mchezaji yeyote wetu siku ile tulipewa na West Indies wenyewe kwa mipira ya ovyo: 37. Hilo ningelikubali.

SWALI

Ami, toleo lililopita uliandika mechi ya Pune ilikuwa "mwanzoni mwa Machi". Si kweli. Rekebisha.

Msomaji, Tudor

JIBU

Kweli, nimekosea, na mwandika alama hana udhuru. Ilikuwa Alhamisi tarehe 29 Februari 1996. Siku yenyewe huja mara moja kila miaka minne, nami nimezoea kuiadhimisha tarehe mosi Machi, hapo ndipo ulimi uliponiteleza. Ahsante. Nimeshasahihisha kwenye nakala yangu, kwa wino.